Madada wa Ku'damm: urafiki wa wanawake chini ya mamlaka ya mume

Tamthilia ya Ku'damm 56, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza na kituo cha umma cha Ujerumani ZDF mnamo Machi 2016, kwa kawaida huzungumzwa kama hadithi ya msichana mmoja anayekutana na rokenroli na kupitia muziki huo akajinasua kutoka mikononi mwa mama yake. Maelezo hayo si ya uongo, lakini yanaliacha pembeni jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo zito zaidi, yaani namna wanawake wanne wa nyumba moja wanavyojaribu kuwa marafiki na mara nyingi kushindwa. Watazamaji wanaweza kugawanyika pande mbili juu ya jambo hilo. Upande mmoja utaiona kuwa miongoni mwa kazi chache za televisheni zinazoonyesha kwa uaminifu jinsi urafiki wa wanawake ulivyobanwa na sheria na fedha katika miaka ya 1950. Upande wa pili utasema kwamba urafiki huo ni pambo tu, na kwamba chini ya magauni ya kupendeza na muziki wa kuchangamsha kuna hadithi ileile ya zamani ambamo wanaume ndio wanaoamua kila tukio.

Kwa wasioifahamu, mambo yenyewe yako hivi. Mwandishi wake ni Annette Hess, ambaye kabla ya hapo aliandika Weissensee, tamthilia ya familia ya Berlin Mashariki iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2010. Mwongozaji ni Sven Bohse. Caterina Schöllack, anayeigizwa na Claudia Michelsen, anaendesha shule ya dansi iitwayo Galant kando ya Kurfürstendamm, ile barabara pana ya maduka na kumbi za starehe ya Berlin Magharibi ambayo wenyeji hulifupisha jina lake kuwa Ku'damm. Mume wake hayupo nyumbani tangu vita, na ana binti watatu wa kuoza. Helga, anayeigizwa na Maria Ehrich, ndiye mtiifu, na anaolewa na Wolfgang von Boost, mwendesha mashtaka kijana mwenye jina la kifahari. Eva, anayeigizwa na Emilia Schüle, ni muuguzi katika hospitali ya magonjwa ya akili, na amekusudia kuolewa na bosi wake, Dkt. Fassbender, mwanamume aliyemzidi umri kwa mbali. Wa tatu, Monika, anayeigizwa na Sonja Gerhardt, ndiye aliyeharibu mambo kwa mtazamo wa mama: amefukuzwa katika shule ya maarifa ya nyumbani, hana mchumba, na kipaji chake pekee ni kucheza muziki ambao watu wenye heshima zao hawataki hata kuusikia. Hadithi iliendelea katika Ku'damm 59 mwaka 2018 na Ku'damm 63 mwaka 2021.

Nianze na utetezi, kwa sababu ndio unaohitaji maelezo marefu. Mtazamaji wa leo anayewaona madada hawa wakifichana mambo, wakishindana na hata kusalitiana, anaweza kudhani kwamba mwandishi amewachora kwa dharau. Lakini ukiirejea sheria ya Ujerumani Magharibi ya wakati huo, utaona kwamba usiri wao ulikuwa na mantiki. Katiba ya mwaka 1949 ilitamka katika kifungu chake cha 3 kwamba wanaume na wanawake wana haki sawa, na ikaagiza kwamba sheria zinazopingana na usawa huo zikome kutumika ifikapo mwisho wa Machi 1953. Bunge likachelewa. Sheria ya usawa ilipata nguvu tarehe 1 Julai 1958 tu, na katika miaka mitano iliyotangulia majaji ndio walioachiwa kazi ya kuziba pengo. Hata baada ya 1958 mke aliruhusiwa kufanya kazi ya ajira kwa sharti kwamba kazi hiyo haiingiliani na wajibu wake wa ndoa na familia, na sharti hilo liliondolewa mwaka 1977. Mwaka huohuo wa 1977 ndipo talaka ilipoacha kutolewa kwa kutafuta nani mwenye kosa. Kabla ya hapo, mke aliyehesabiwa kuwa na hatia ya kuvunja ndoa aliweza kuondoka bila matunzo yoyote. Na mume aliyemlazimisha mke wake kitandani hakuwa na kosa la ubakaji mbele ya sheria mpaka mwaka 1997.

Katika mazingira hayo, neno lililomtoka dada mmoja mbele ya mwenzake lingeweza kuwa ushahidi. Helga anagundua baada ya harusi kwamba mume wake anavutiwa na wanaume. Kifungu cha 175 cha sheria ya jinai, ambacho Ujerumani Magharibi ilikirithi katika sura kali kiliyopewa na Wanazi mwaka 1935 na kukiacha hivyo hadi 1969, kilitosha kumfunga Wolfgang, na katika miaka hiyo wanaume wapatao 50,000 walihukumiwa kwacho. Wolfgang mwenyewe ni mtumishi wa mfumo huohuo wa mashtaka. Hapo Helga atamweleza nani? Akimweleza mama, heshima ya nyumba imekwisha. Akiwaeleza ndugu zake, ameweka uhuru wa mume wake katika vinywa viwili zaidi. Tamthilia inampeleka Wolfgang kutibiwa kwa mshtuko wa umeme, na daktari anayemtibu ni yuleyule Fassbender ambaye Eva anataka awe mume wake. Kwa hiyo siri ya ndoa ya dada mmoja imelazwa katika hospitali anakofanya kazi dada mwingine. Siri ya mtungi aijuaye kata, na katika nyumba hii kila mmoja ni kata ya mtungi wa mwenzake, jambo linalowafanya waogopane kuliko kuaminiana. Nadhani hapa uandishi wa Hess umefikia kiwango cha juu kabisa, kwa sababu hauhitaji hotuba hata moja kuhusu ukandamizaji. Inatosha kuona mahali kila mmoja alipoajiriwa na jina la mwanamume anayemtegemea.

Utetezi huo unaimarika zaidi katika Ku'damm 59. Monika amezaa nje ya ndoa, na mtoto wake, Dorli, analelewa na Helga na Wolfgang. Kwa juu juu mpango huo unaonekana kama msaada wa kindugu: mmoja hana ndoa, mwingine ana ndoa isiyoweza kuzaa, na mtoto anapata nyumba yenye baba na mama. Kwa mtazamaji aliyekulia katika familia ambamo mtoto hulelewa na shangazi au mama mkubwa bila mtu kuuliza swali, jambo hilo halitamshangaza. Lakini katika Ujerumani ya wakati ule lilikuwa na makali yake. Mpaka mageuzi ya mwaka 1970, mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa hakuhesabiwa kisheria kuwa na udugu na baba yake, na ofisi ya ustawi wa vijana iliwekwa moja kwa moja kuwa mlezi wake wa kisheria. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960 mama aliweza kuomba apewe mamlaka hayo, lakini ilimbidi aombe. Dada aliyeolewa, kwa upande wake, alikuwa na kila kitu ambacho serikali ilikitambua kama nyumba.

Ndiyo maana ugomvi wa Monika na Helga juu ya Dorli unauma kuliko mapenzi yote ya tamthilia hii. Helga hakumwiba mtoto, wala Monika hakumtupa. Wote wawili wanampenda, na wote wawili wanajua kwamba neno la mwisho halitatoka kwa yule aliyezaa. Anayetaka kujua kama Ku'damm ni tamthilia ya urafiki wa wanawake atazame hapa kwanza, kwa sababu urafiki unapimwa pale ambapo kila mmoja ana haki ya kukasirika. Kuna jambo moja dogo ambalo sijui kama watayarishaji walilikusudia: mwaka ambamo sehemu hizi zimewekwa, yaani 1959, ndio mwaka ambao Mahakama ya Katiba, tarehe 29 Julai, ilibatilisha kipengele kilichompa baba kauli ya mwisho wazazi wanapotofautiana kuhusu mtoto. Sheria ya mwaka mmoja tu nyuma ilikuwa imekibakiza kipengele hicho kwa makusudi. Jaji pekee mwanamke katika jopo la kwanza la mahakama hiyo, Erna Scheffler, alikuwa miongoni mwa waliokaa katika kesi hiyo.

Sasa upande wa pili. Hoja yake ya kwanza ni rahisi na ni vigumu kuikwepa: wanawake hawa wana marafiki gani nje ya nyumba? Monika ana Freddy Donath, mwanamuziki Myahudi aliyenusurika katika kambi za Wanazi, anayeigizwa na Trystan Pütter, na kwake anapata muziki, uchangamfu na uandani. Ana Joachim Franck pia, ambaye nitamzungumzia hapo chini. Lakini mwandani wa kike, mtu wa rika lake ambaye si ndugu yake, wa kumcheka na kumkanya na kumtunzia siri, hapati nafasi inayokaribia ile ya wanaume hao wawili. Hali ya Eva ni hiyohiyo. Maisha yake yanavutwa kati ya daktari mwenye cheo na mcheza mpira kutoka Berlin Mashariki. Ukiondoa wanaume katika hadithi, matukio mengi yatakosa sababu ya kutokea. Mtetezi atajibu kwamba hivyo ndivyo maisha yalivyokuwa. Jibu hilo linakubalika kwa kiasi fulani tu, kwa sababu historia yenyewe inatupa picha nyingine.

Chukulia jinsi kile kifungu cha 3 kilivyopatikana. Baraza lililoandika katiba lilikuwa na wajumbe 65, na wanne tu kati yao walikuwa wanawake. Elisabeth Selbert, mwanasheria wa Kassel na mjumbe wa chama cha SPD, alipopendekeza maneno mafupi ya usawa, pendekezo lake lilikataliwa mwanzoni. Akatoka nje ya ukumbi, akazunguka akihutubia, na wanawake wa Ujerumani Magharibi, kutoka vyama vya wafanyakazi hadi vikundi vya akina mama, wakaandika barua za malalamiko kwa wingi uliowashtua wajumbe. Mnamo Januari 1949 maneno yaleyale yalipita. Wanawake hao walioandika barua ndio walimu, makarani, washonaji na wajane wa vita waliokuwa wakiishi Ujerumani ya 1956, nchi ambayo idadi ya wanawake iliwazidi wanaume kwa mamilioni kutokana na vita. Walikuwa na vyama, walikuwa na majirani waliogawana chakula katika miaka ya njaa, na walijua kushirikiana. Mtu anayeijua miaka ya 1950 kupitia Ku'damm peke yake atadhani kwamba kila mwanamke alikuwa kisiwa mpaka rokenroli ilipofika kutoka Marekani kumwamsha. Upungufu huu ni wa kweli, na ladha njema ya mavazi na mapambo ya jukwaani haiuzibi.

Hata hivyo nisingependa kuivuta hoja hiyo kupita kiasi. Familia ya Schöllack ni ya tabaka la kati linalojitahidi kuonekana la juu, na tabaka hilo ndilo lililoogopa zaidi majirani. Mwanamke wa kiwandani aliweza kumlalamikia mwenzake mashineni kwamba mume wake analewa. Mke wa mwendesha mashtaka hakuweza. Tamthilia imechagua tabaka lenye upweke mkubwa kuliko mengine, na mwandishi ana haki ya kuchagua. Kosa liko pale ambapo watazamaji, na pengine waandaaji wenyewe, wanalichukua tabaka hilo moja kuwa ndilo Ujerumani nzima.

Hoja ya pili ya wapinzani ni nzito zaidi, na hapa ndipo mizani yangu inapoelemea upande wao. Mapema katika Ku'damm 56 Joachim Franck, mrithi wa kiwanda cha silaha anayeigizwa na Sabin Tambrea, anambaka Monika. Tukio halifichwi wala halipambwi. Mama anapolipima jambo hilo, mizani anayotumia ni jina la familia na nafasi ya binti yake kuolewa, na utajiri wa Franck unamfanya mkosaji aonekane kama mchumba anayefaa. Kufikia hapo tamthilia inashtaki, na inashtaki vizuri. Lakini kadiri sehemu zinavyokwenda, Joachim anageuka kuwa kijana mwenye majeraha, aliyedhalilishwa na baba yake, mwenye roho ya mwandishi, na kati yake na Monika kunachipuka hisia ambazo kamera inazitazama kwa huruma na mara nyingine kwa mahaba. Uhusiano huo hauishii katika mwaka 1956, bali unaendelea kuwa mojawapo ya nguzo za hadithi nzima.

Watetezi wana la kusema, na si la kupuuzwa. Watasema kwamba msichana wa 1956 hakuwa na lugha ya kulielezea lililompata. Polisi wangemuuliza alikuwa amevaa nini, mama yake alikwisha kumlaumu, na jamii ilimpa njia moja tu ya kuigeuza aibu kuwa heshima, nayo ni kumfanya aliyemdhulumu awe mume. Kwa mtazamo huo, Monika anayemwendea Joachim anatuonyesha jinsi mtu anavyoweza kuyapenda yale yaliyomvunja pale anaponyimwa njia nyingine zote. Watasema pia kwamba sanaa haina wajibu wa kuwaadhibu wahusika wabaya ili sisi watazamaji tulale vizuri, na kwamba Joachim aliyechorwa kama shetani mtupu angetufundisha machache kuliko Joachim aliyelelewa na mfumo uleule uliowalea mahakimu, madaktari na wanaviwanda wa nchi hiyo.

Ninakubaliana na sehemu kubwa ya maneno hayo na bado naona kwamba tamthilia imekosea, ila kosa lenyewe si lile linalotajwa sana. Uwezekano wa Monika kumpenda Joachim baada ya muda ni jambo la kibinadamu ambalo hadithi inaweza kulibeba. Tatizo ni hesabu ya dakika na umakini. Joachim anapewa nafasi pana ya kuumia, kujieleza na kujuta mbele yetu, na mwigizaji hodari anaitumia nafasi hiyo ipasavyo. Mazungumzo marefu ya dada na dada kuhusu jambo hilohilo, ambayo yangekuwa mtihani mkubwa kuliko yote wa urafiki katika nyumba hii, hayapewi nafasi inayolingana. Helga na Eva kila mmoja ana jambo la mwilini mwake ambalo hawezi kulisema. Mmoja ana kitanda ambacho mume anakikimbia, mwingine anaelekea kwenye ndoa na mwanamume anayejua kuwatawala watu kwa koti jeupe. Wanawake watatu wanabeba sehemu tatu za jambo moja, na mwandishi aliyekuwa na uwezo wa kuwaketisha pamoja na kuwaacha waseme aliutumia muda huo kumtakasa mwanamume. Anayesema kwamba Ku'damm inautumia urafiki wa wanawake kama pambo anapata ushahidi wake hapa, na mimi sina jibu la kumpa linaloniridhisha.

Kuna suala la tatu ambalo linatajwa kidogo mno. Shule ya Galant, ambayo ndiyo riziki ya wanawake hawa wanne na ukumbi wa karibu kila mandhari nzuri, ilikuwa mali ya familia ya Kiyahudi kabla ya kuangukia mikononi mwa akina Schöllack wakati wa Wanazi. Tamthilia hailifichi jambo hilo, na kuwapo kwa Freddy kunalifanya lisisahaulike. Lakini linabaki zaidi kuwa mzigo wa Caterina na mume wake kuliko swali kwa mabinti wote. Mtu anaweza kuuliza kama ukaribu wa madada hawa, chumba chao, magauni yao na kila wanachogawana, haukujengwa juu ya nyumba ambayo wasichana wengine walitolewa. Tamthilia ya burudani ya saa za jioni haiwezi kubeba kila kitu, nakubali. Hili lingeweza kubebwa, kwa kuwa mlango ulikwisha kufunguliwa.

Kuhusu Ku'damm 63, iliyoongozwa na Sabine Bernardi, sina mengi ya kusema. Wakati wake ni mzuri kwa mada hii: vidonge vya kuzuia mimba vilikuwa vimeingia katika maduka ya dawa ya Ujerumani Magharibi mwaka 1961, ukuta wa Berlin ulikuwa umejengwa mwaka huohuo, na wanawake walianza kuwa na uamuzi ambao mama zao hawakuwahi kuuota. Ila mkusanyiko wa matukio umeongezeka kiasi kwamba madada wanapishana mlangoni kila mmoja akikimbilia msiba wake. Mnamo Novemba 2021 hadithi ya mwaka 1956 iligeuzwa kuwa tamthilia ya nyimbo katika ukumbi wa Theater des Westens mjini Berlin, kwa muziki wa Peter Plate na Ulf Leo Sommer. Inaeleweka kwa nini ilifaa kuimbwa, maana muziki ndio uliokuwa moyo wa sehemu ya kwanza. Lakini jukwaa la nyimbo humtafuta nyota mmoja, na kwa hiyo linazidi kuukaza mtazamo ule niliotaja mwanzoni, wa msichana mmoja anayejikomboa mwenyewe.

Nimemwacha Caterina hadi sasa kwa sababu yeye ndiye anayewasumbua wachambuzi wa pande zote mbili. Wanaoisifu tamthilia humwona kama ushahidi kwamba mfumo wa wanaume uliendeshwa pia na wanawake. Hakuna baba katika nyumba ile, na bado amri za baba zinatekelezwa kwa ukali usiopungua. Wanaoilaumu watasema kwamba kumpa mama kazi ya askari wa gereza ni njia rahisi ya kuwaondolea wanaume lawama, na kwamba televisheni imekwisha kutuonyesha akina mama wa aina hiyo wa kutosha. Binafsi naona uigizaji wa Michelsen unaivunja hoja hiyo ya pili. Caterina wake ni mfanyabiashara kabla ya kuwa mama. Amelisha watoto watatu katika mji uliobomolewa, bila mume, kwa kuuza kitu kimoja tu, yaani adabu, na anajua kwa hesabu kamili kwamba siku adabu hiyo itakapotiwa doa wazazi wataacha kuwaleta watoto wao kwenye masomo ya dansi. Ukali wake una daftari la mapato nyuma yake. Wakati mwingine ni mkatili kupita kile ambacho daftari linadai, na Michelsen haombi tumhurumie katika nyakati hizo.

Katika Ku'damm 59 Caterina anageuka kuwa msimamizi wa kazi ya muziki ya Monika na Freddy. Muziki aliouona kuwa uchafu sasa unaingiza fedha, na yeye ndiye anayejadiliana na wenye studio na wenye filamu. Wapo watakaosema kwamba amehamisha tu biashara yake kutoka kwenye kuoza binti hadi kwenye kumuuza, na kwamba Monika amebadilishiwa mwenye kumiliki. Hoja hiyo ina ukweli, kwa kuwa Caterina haachi kuamua mavazi, maneno na tabasamu la binti yake. Lakini kuna jambo jipya pia: kwa mara ya kwanza anamtazama Monika kama mtu mwenye uwezo ambao yeye mwenyewe hana, na analazimika kumsikiliza, kwa sababu bila Monika kukubali kupanda jukwaani hakuna mkataba. Wanabishana kama watu wawili wenye hisa katika jambo moja. Binti anaweza kukataa, na kukataa kwake kuna gharama kwa mama. Katika nyumba ile yote sikuona mahusiano mengine kati ya mama na mtoto ambamo wote wawili walikuwa na kitu cha kupoteza. Ubaridi wake unaudhi, na mtazamaji aliyetarajia wakumbatiane ataikuta kumbatio hiyo haba. Mimi ningewarudia wawili hao wakigombania mkataba mara nyingi zaidi kuliko ningerudia kumtazama Joachim akilia.